Sufuria Likianguka: Kwa Nini Sauti za Kawaida Huumiza Baadhi ya Watu

"Mimi nina aleji ya makelele." Maneno haya utayasikia Mombasa kila uendako. Huyasema mwanafunzi wa Bamburi aliyekosa usingizi kwa muziki wa jirani. Huyasema mama ambaye mwanawe huziba masikio na kulia blenda ikiwashwa. Aliyasema pia mjomba wangu, fundi wa kuchomelea vyuma kwa zaidi ya miaka ishirini, usiku alipoinuka katikati ya harusi huko Majengo, biriani haijapakuliwa, akaondoka bila kumuaga mtu. Maneno ni yaleyale. Matatizo ni tofauti, na kilicho dawa kwa mmoja chaweza kumzidishia mwingine maradhi.

Naandika haya kwa sababu nimeona kwa macho gharama ya kuyachanganya. Mjomba alikaa miezi minne amejifungia chumbani, pamba masikioni, akiamini anajitibu. Mwanzo kilichomuumiza kilikuwa grenda ya karakana. Ikafuata honi ya matatu. Kisha sahani. Mwishowe kijiko kikigonga kikombe kilimfanya ajikunje kama aliyepigwa. Mkaza mjomba akawa anatembea pekupeku ndani ya nyumba na kuoshea vyombo uani ili mumewe asisikie. Nyumba nzima ilinong'ona, na kadiri ilivyonong'ona ndivyo masikio yake yalivyozidi kuwa makali. Jambo hili lina maelezo, na maelezo yake ndiyo yaliyomwokoa.

Tuanze na majina

La kwanza ni kutenga kelele ambayo ni kubwa kweli. Ukiishi ukuta kwa ukuta na kilabu ukakosa usingizi, masikio yako hayana ugonjwa wowote. Spika ndiyo yenye makosa. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zinataka sauti ya nje katika maeneo ya makazi isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na usiku huo huanza kuhesabiwa baada ya saa mbili. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliukabidhi udhibiti wa kelele kwa serikali za kaunti. Shauri kama hilo mpelekee afisa wa mazingira. Daktari wa masikio hana la kukufanyia.

Hizo desibeli zinawachanganya wengi, kwa sababu hazihesabiki kama kilo za sukari. Kila zinapoongezeka 10, nguvu ya sauti huzidi mara kumi. Chukua honi moja ya matatu pale Mwembe Tayari. Ukitaka kuiongeza kwa desibeli 10, huna budi kupata matatu kumi za namna hiyo, zote zipige honi kwa pamoja kutoka umbali uleule. Ajabu ni kwamba sikio huihisi honi ya matatu kumi kuwa kubwa kama mara mbili tu ya ile moja. Mnong'ono huwa kwenye desibeli 30 hivi, mazungumzo ya watu wawili wametulia kwenye 60, na kwa watu wengi sauti huanza kukera sana ikikaribia 100.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Madaktari huuita haipakusisi. Mwenye haipakusisi hushindwa kuvumilia sauti ambazo wengine hata hawazitambui: mfuko wa plastiki unaofunguliwa, maji ya mfereji yakigonga ndoo, mtoto akicheka, sufuria likianguka. Kile kikomo cha 100 kwake huwa kimeshuka hadi 80, 70 au chini zaidi. Hebu fikiria maisha ya mtu ambaye baraza la wazee watatu wanaobishana juu ya kandanda tayari limevuka kikomo chake.

Misofonia ni kitu kingine. Hapa ukubwa wa sauti hauna neno. Tatizo ni sauti fulani maalumu, mara nyingi itokayo kinywani au puani mwa mtu wa karibu: kutafuna, kumeza, kuvuta makamasi, kubofyabofya kalamu. Hasira humpanda mtu hadi akaogopa nafsi yake. Jina hilo lilibuniwa na Margaret na Pawel Jastreboff, wataalamu wa usikivu wanaofanya kazi Marekani, mwaka 2001. Mwenye misofonia anaweza kucheza chakacha mbele ya spika usiku kucha, kisha asubuhi akashindwa kukaa meza moja na ndugu yake anayekula mahamri.

Fonofobia ni hofu. Moyo unadunda kabla sauti haijafika, mtu anaacha kupita njia fulani kwa kuwa huenda kukapigwa honi. Mara nyingi huja nyuma ya haipakusisi, kama vile aliyewahi kung'atwa na mbwa anavyoogopa hata lango ambalo mbwa hayupo.

Kuna pia tinitasi, yaani mlio ambao hautoki nje: masikio yanavuma, yanapiga mbinja au yanalia kama nyenje. Waliowahi kupewa kwinini kwa malaria kali wanaujua mlio huo. Wengi wenye haipakusisi wana tinitasi pia, ndiyo maana mambo haya mawili hushikwa kuwa kitu kimoja, lakini kila moja laweza kuja bila mwenzake.

Na yupo babu. Unamsemesha, anasema, "Paza sauti, sisikii." Ukipaza kidogo, anafoka, "Mbona wanipigia kelele?" Watu humcheka au kudhani anatafuta ugomvi. Hatafuti ugomvi. Seli zake za sikio zimepungua, sauti ndogo hazimfikii tena, na zinazomfikia hupanda ghafla kutoka hafifu hadi kuumiza. Nafasi kati ya "sisikii" na "wanipasua masikio" imekuwa nyembamba. Shida hiyo inatokana na usikivu uliopotea, na hutazamwa kwa njia yake. Msemeshe polepole, uso kwa uso, bila kupayuka.

Fundi wa mitambo aliye kichwani

Sauti husukuma kiwambo cha sikio. Kiwambo husukuma mifupa mitatu, nyundo, fuawe na kikuku, na hicho kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita tatu tu. Nyuma yake kuna kijumba kilichojikunja kama konokono, kimejaa maji, na ndani yake zimepangwa seli zenye vinywele, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Vinywele hivyo hugeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena.

Hadi hapo sikio limefanya kazi ya maikrofoni tu. Anayeamua sauti iwe kubwa kiasi gani ni ubongo.

Kama umewahi kukaa karibu na fundi wa mitambo katika maulidi au mkutano wa hadhara, utanielewa. Maikrofoni ikiwa dhaifu, fundi huzungusha kitufe na kuongeza nguvu. Msomaji anasikika vizuri tena. Lakini kwa kuwa kitufe kimepandishwa, mitambo sasa inanasa kila kitu: kikohozi cha mzee wa safu ya tatu, upepo, waya unaoguswa na mguu. Mtu mwenye sauti nzito akija kusema karibu na maikrofoni, spika zinapiga ukelele wa kupasua na watu wote wanaziba masikio.

Watafiti wengi wanaamini ubongo hufanya jambo hilohilo. Unapopata sauti kidogo kuliko ulivyozoea, iwe kwa sababu seli zimeumia au kwa sababu masikio yamezibwa, hupandisha kitufe. Ndiyo maana mtu anaweza kupimwa usikivu akaambiwa yuko sawa kabisa, huku kijiko kinamtoa machozi. Kipimo cha kawaida kinauliza sauti ndogo kabisa unayoisikia ni ipi. Hakiulizi ni ipi inayoanza kukuumiza. Mjomba alipewa karatasi yenye mistari mizuri katika kliniki moja ya mjini, akaambiwa hana kitu na aache wasiwasi. Alirudi nyumbani akiamini kuwa ama yeye ni mwongo au amerukwa na akili.

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu wenye masikio mazima. Kuna kipindi walichovaa viziba masikio karibu kutwa na usiku kwa wiki mbili, na kingine walichovaa vifaa vidogo vinavyotoa mvumo wa chini wa kudumu. Baada ya kuziba masikio, sauti zilionekana kwao kubwa kuliko awali. Baada ya kuishi na mvumo hafifu, walivumilia sauti kubwa zaidi. Hao walikuwa watu wazima wa afya, na wiki mbili zilitosha kukisogeza kitufe. Sasa mweke mtu mwenye maumivu, mpe pamba na chumba kilichofungwa kwa miezi minne.

Hapo ndipo ulipo mtego wenyewe. Ukiziba masikio unapata nafuu saa hiyohiyo, kwa hiyo kila chembe ya akili yako inakwambia umefanya la busara. Kesho kitufe kimepanda kidogo. Unaziba zaidi. Simlaumu yeyote aliyenaswa humo, maana ni nani asiyekimbia kinachomuuma?

Yanakotoka

Wengine huanza kwa kishindo kimoja: fataki, gesi iliyolipuka, usiku mmoja chini ya spika za harusi. Wengine, kama mjomba, huanza kwa kuliwa bandu bandu na kelele za kazi. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda ukatwe nusu. Kwa hesabu hiyo, 88 ni saa nne, 94 ni saa moja, na 100 ni robo saa. Ukikata chuma kwa grenda bila kinga, kwa kawaida umemaliza mgawo wako wa siku kabla hujanywa chai ya saa nne.

Kugongwa kichwa ni chanzo kingine, na katika mji wa bodaboda hili linahitaji kusemwa kwa nguvu. Aliyeanguka na pikipiki, akapona kidonda lakini miezi miwili baadaye bado hawezi kuvumilia mwanga na sauti, hadeki. Ubongo wake bado unauguza jeraha. Kipandauso nacho humfanya mtu aikimbie sauti wakati wa shambulio. Kuna ugonjwa wa kupooza ghafla upande mmoja wa uso: neva inayoendesha uso ndiyo inayoendesha kamsuli kanachokizuia kile kikuku kisitikisike kupita kiasi, kwa hiyo ikilegea, sauti huingia bila breki upande huo. Uso unaporejea, kwa kawaida na sauti hutulia. Kuacha ghafla baadhi ya dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi kwaweza kuleta hali hii pia, na ndiyo sababu dawa hizo hupunguzwa taratibu chini ya daktari. Watoto wenye usonji wengi huumizwa na sauti. Mtoto anayeziba masikio blenda ikilia anasema kwa mikono jambo ambalo hajui kulisema kwa maneno, na kumchapa kwa hilo ni kumwadhibu kwa maumivu yake.

Wengine chanzo hakionekani kabisa. Uchovu, msiba na kukosa usingizi havitoshi kueleza ugonjwa wote, lakini huongeza ukali wake. Muulize yeyote mwenye hali hii juu ya siku aliyolala kwa saa tatu tu.

Kuna swali moja mjomba aliniuliza kwa sauti ya chini sana: kwa nini lori la kontena likipita barabara ya Jomo Kenyatta halimuumizi, na kijiko kinamuumiza? Jibu liko kwenye umbo la sikio. Tundu la sikio, kwa urefu wake, hukuza zaidi sauti nyembamba na kali, zile ambazo mawimbi yake hutikisika mara elfu mbili hadi tano kwa sekunde. Lori huunguruma chini ya hapo. Sahani, kijiko, kilio cha mtoto mchanga na spika za chuma zenye mdomo kama tarumbeta hupiga humo humo.

Na hapa naligusa jambo kwa adabu. Mjomba ni mtu wa swala tano. Kilichomliza zaidi ni kwamba adhana, sauti aliyokulia nayo, ilianza kumchoma ikitoka kwenye spika ya karibu. Aliona haya kulisema. Wapo waliomwambia ana jini. Muumini wa kanisa anayeshindwa kuketi karibu na spika za kwaya hupitia aibu hiyohiyo, akahisi ameadhibiwa. Adhana haikuwa na tatizo, wala imani yake. Ni spika ya chuma na kitufe kilichopanda. Alipomweleza imamu waziwazi, alitafutiwa mahali nyuma, mbali na spika, na leo najuta kwamba hakuna kati yetu aliyempa wazo hilo miezi minne kabla.

Kukishusha kitufe

Mtaalamu aliyemsaidia alianza kwa kumwambia atoe pamba ndani ya nyumba. Sio mara moja. Nusu saa leo, dakika kumi zaidi keshokutwa. Mahali pa kimya akamwekea sauti: ya chini, ya mfululizo, isiyo na vishindo, iliyowekwa chini kabisa ya kiwango kinachomkera. Hii huitwa tiba ya sauti. Hospitali nyingine hutumia vifaa vidogo vya kuvaa sikioni. Kwa wengi feni ya dari hutosha kuanzia, au simu inayocheza mvua. Nasisitiza neno "chini". Ukiiongeza ili izifunike sauti nyingine, umekosea. Iwe kama harufu ya udi chumbani: ipo, lakini huisumbukii.

Sisi wa pwani tumepewa tiba hii bure. Mawimbi yakivunjika kwenye mawe pale Mama Ngina hutoa mchanganyiko wa sauti nene na nyembamba kwa pamoja, karibu sana na ule mvumo wa vifaa vya hospitali. Upepo wa kusi katika makuti ya minazi nao ni hivyo hivyo. Mjomba alianza kwenda saa kumi na mbili asubuhi, kabla magari na wauza mihogo hawajafika, akikaa mbali na maji siku za kwanza na kusogea hatua chache kila wiki. Miezi ya mwanzo sikuona tofauti yoyote. Yeye aliiona: alianza kusikia ndege tena bila kukunja uso.

Hatua ya pili ilikuwa karatasi. Aliandika sauti kumi, kuanzia iliyomsumbua kidogo hadi iliyomtisha kabisa. Feni ilikuwa ya kwanza. Mfereji wa maji ulikuwa wa tatu. Muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake alikuwa wa sita, honi ya feri ya Likoni ya tisa, grenda ya kumi. Akazipanda kama ngazi, na hakupanda kipandio kipya hadi cha chini kiwe kimemchosha kwa kuzoeleka. Muuza kahawa wa mtaa, Mungu ambariki, alikubali kupita kwanza upande wa pili wa barabara, wiki iliyofuata upande wetu, kisha mlangoni.

Pamoja na hilo alizungumza na mshauri kuhusu fikra zenyewe. Wengi hukasirika wakisikia ushauri nasaha unatajwa, wakidhani wanaambiwa ugonjwa ni wa kuwaza. Sivyo. Hofu huukaza mwili, na ubongo ulio katika hofu husikiliza kwa makini zaidi, kama mlinzi aliyesikia hatua gizani. Ukipunguza hofu unampumzisha mlinzi. Huko Uswidi mwaka 2014 tiba ya namna hii, ya kubadili fikra na mwenendo, ilijaribiwa kwa wagonjwa 60 wa haipakusisi, na waliotibiwa waliweza kuvumilia sauti kubwa zaidi kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu yao.

Yote haya huchukua miezi, mara nyingi mwaka na ushei. Atakayekuuzia dawa ya matone ya kuponya haipakusisi kwa wiki moja, mpite. Vilevile mafuta ya nazi, kitunguu saumu na vijiti vya pamba havina kazi ndani ya sikio. Huko tatizo halipo, na kiwambo hutoboka.

Upande wa pili kuna wale wanaosema, "Mpelekeni kwenye ngoma, atazoea." Hawa wananitia hofu kuliko wauza matone. Ngazi na kutupwa juu ya paa ni vitu viwili. Sauti kubwa ya ghafla kwa masikio yaliyo katika hali hii huweza kumrudisha mtu nyuma wiki nyingi. Na kuna kundi la wagonjwa wanaohisi maumivu halisi, ya kuchoma au kudunga kama kisu, ambayo huendelea saa au siku baada ya sauti kwisha. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2015 uligundua kwamba ndani ya kile kijumba cha konokono kuna nyuzi za neva zinazoitika seli zikiumizwa na kelele, kama nyuzi za maumivu za ngozi. Kwa mtu wa kundi hili ngazi lazima iwe ya vipandio vifupi sana, wapo wasiopanda haraka, na anayesema "leo siwezi" aaminiwe.

Viziba masikio basi vina mahali pake. Vaa kwenye karakana, kwenye kilabu, karibu na tarumbeta za harusi, popote sauti ingemdhuru hata mtu mwenye masikio mazima. Vua ukiwa nyumbani, sokoni asubuhi na mapema, kwenye mazungumzo. Hapo katikati utakosea siku nyingine. Mjomba alikosea mara nyingi. Siku moja mtoto alipasua puto pembeni yake na akarudi chumbani siku nne. Alitoka ya tano, akaanza tena na feni.

Ukienda hospitali

Muone daktari wa masikio, pua na koo, na uombe pia mtaalamu wa kupima usikivu. Sema mapema, kabla hujavikwa chochote kichwani, kwamba sauti zinakuumiza. Kipimo cha kuangalia mwitiko wa misuli ya sikio hutumia sauti kali, na mashine ya kunyonya nta hupiga kelele karibu kabisa na kiwambo. Mashine ya MRI, ya kupiga picha za ndani ya mwili, nayo huvuka desibeli 100, kwa hiyo dai kinga ya masikio. Uliza upimwe kikomo cha uvumilivu wa sauti, na useme uko tayari kusimamisha kipimo kwa kuinua mkono.

Usisubiri tiba ya sauti wala makala kama hii ikiwa usikivu umepotea ghafla katika sikio moja, uso umelegea, kizunguzungu kimekuangusha au sikio linatoa usaha. Hayo ni ya kwenda siku hiyohiyo, maana usikivu uliopotea ghafla unawahiwa kwa siku, hausubiri wiki.

Walio nyumbani

Mkaza mjomba aliambiwa jambo lililomshangaza: aache kunong'ona. Aoshe vyombo ndani, polepole, na amwambie mumewe kabla hajawasha blenda. Sauti inayotarajiwa huumiza kidogo kuliko ya ghafla. Akaweka kitambaa chini ya sahani na mpira chini ya miguu ya viti. Watoto walifundishwa wasimshtue, lakini hawakukatazwa kucheka.

Kitu kilichokuwa kigumu kuliko vyote kilikuwa kumwamini. Waswahili husema adhabu ya kaburi aijua maiti, na kwa miezi minne sisi tulio hai tulimfundisha maiti. Tulimwambia apuuze, tulimwambia kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Yeye hakuwa ng'ombe na wala zile hazikuwa kelele za chura. Niliporudi kumwamkia baada ya kusoma na kuelewa, nilisema, "Shikamoo mjomba, nisamehe, sikujua." Alijibu, "Marahaba, mwanangu. Hata mimi sikujua."

Sasa ni mwaka wa pili. Karakana ameiachia kijana wake, ambaye havai miwani bila kuvaa na vifunika masikio. Grenda bado ni ya kumi kwenye karatasi yake, na mtaalamu alimwambia haina haja ya kushuka. Feri amevuka nayo mara tatu, mara mbili bila viziba masikio. Mwezi uliopita tulialikwa harusi. Tarumbeta zilipoanza alitoka, akasimama nje ya lango na viziba masikio vyake, akazungumza na madereva. Biriani ilipopakuliwa alirudi, akakaa mwisho wa jamvi, mbali na spika, akala mpaka akaomba kuongezwa.